Nduru Niliyompigia Kirimi

Nilimvunja mkono mtu wa rika langu kwa kosa lililokuwa langu. Haikuwa bahati mbaya. Nilimpiga kwa mpini wa jembe, mchana kweupe, watu wakiangalia, na mimi ndiye niliyepiga wa kwanza. Halafu nilipojua ukweli niliufukia kwenye shimo la viazi, nikakaa kimya mpaka nywele zangu zikawa nyeupe.

Jina langu sikupi, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Mambo yenyewe sijabadilisha hata moja. Wewe unayesoma, keti, unisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kunitukana unitukane. Una haki.

Kwetu ni juu huku Kibirichia, mahali pa viazi na ukungu. Haya yalitokea miaka ya tisini, nikiwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke, mtoto mmoja na shamba la baba.

Kwanza nikueleze kichwa changu. Sikuelezi ili unihurumie, maana huruma nimechelewa nayo. Tangu utotoni kichwa changu hakikai mahali pamoja. Nikitumwa kisu narudi na kuni. Nikitumwa kuni narudi jua likizama, sina kuni wala sababu. Nilipoteza panga la baba, nikapoteza viatu vya shule, siku zote kimoja kimoja, na siku moja nikapoteza ndama mzima kwa sababu niliona mchwa wakihama nikawafuata.

Baba hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na mkanda wa ngozi ya ng'ombe, na alinilaza juu ya gunia la viazi akanichapa taratibu, kila kiboko na neno lake. "Fikiria. Uliiweka. Wapi." Neno moja, kiboko kimoja, halafu anaanza upya. Nani anaweza kufikiria huku anachapwa? Shuleni walimu waliendelea pale baba alipoachia. Nilitoka darasa la saba nikiwa na makovu mengi kuliko alama.

Nikawa mtu mzima, nikadhani nimepona. Wapi! Nilianza kujenga jikoni, kuta zilipofika kiunoni nikaona afadhali nichimbe kisima. Kisima kilipofika magotini nikaona afadhali nifuge sungura. Mama Kendi, mke wangu, alipika miaka minne ndani ya kuta za kiunoni, mvua ikiingia kwenye sufuria. Watu waliniita Mzee wa Nusu. Nilicheka nao pale dukani, kisha nilirudi nyumbani nikampiga mke wangu.

Siku moja nilitafuta kiberiti. Nilitafuta juu ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya bakuli la chumvi. Nikamwambia Mama Kendi amekihamisha. Akasema hajakigusa. Nilimzaba kofi akaangukia zile kuta zangu za kiunoni, akapasuka juu ya jicho. Damu ilipoanza kuingia jichoni niliogopa, nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kumfuta, na mkono ukatoka na kiberiti. Binti yetu Kendi, mtoto wa miaka saba, alikuwa amesimama mlangoni akiuangalia mkono wangu.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yangu. Nikipoteza kitu, lazima kuwe na mtu aliyekichukua. Kama hakuna aliyekichukua basi ni mimi, na kama ni mimi, mkanda unakuja. Baba alikuwa amekufa zamani, lakini mgongo haujui habari za kufa.

Sasa nikuambie juu ya Kirimi.

Mimi na Kirimi tulitahiriwa siku moja na tulipona kwenye kibanda kimoja. Kwetu mtu wa hivyo ni zaidi ya ndugu wa tumbo. Humtukani, humshtaki, humwinulii mkono. Kirimi alikuwa mtu mpole, mrefu, wa kwaya, mwenye mikono mikubwa iliyojua kila kazi. Katika dunia nzima yeye peke yake hakuwahi kuniita Mzee wa Nusu.

Tena yeye ndiye aliyegundua namna ya kuishi na kichwa changu. Kila Jumapili baada ya kanisa alinifunga kamba ya mkonge mkononi, yenye mafundo. Fundo moja, palizi. La pili, dawa ya viazi. La tatu, kumpeleka ng'ombe kwa dume. Nikimaliza jambo, nafungua fundo lake. Kamba ikiisha mafundo, wiki imeisha. Asubuhi alipita njiani akaniita kutoka kwenye ua, "Baba Kendi, leo tuko fundo gani?" Nami nilitazama mkono nikamjibu kama mtoto wa shule, wala sikuona aibu.

Kwa hiyo miaka ile shamba langu lilikaa sawa. Watu walidhani nimebadilika. Hawakujua kwamba akili yangu ilikuwa inaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Basi mwaka ule mvua ilikataa kukoma. Anayejua viazi anajua maana yake. Mvua ikizidi, ukungu unashika majani, asubuhi ni doa moja jeusi, baada ya siku nne shamba zima limeungua na linanuka. Dawa lazima ipigwe kila wiki bila kukosa. Pampu ya kunyunyizia, ile ya kubeba mgongoni, ilikuwa moja kwa nyumba tatu. Ilikuwa ya Mama Nkatha, jirani yetu mjane, na ilikuwa mali yake ya pekee aliyoachiwa na marehemu. Pampu ya bluu. Mshipi wake mmoja ulikatika akaushonea wa gunia. Ukumbuke huo mshipi wa gunia.

Wiki hiyo Kirimi hakuwapo. Alikuwa ameshuka kule chini Embu, sehemu ya joto, kuwaona wajomba zake wanaofuga mbuzi. Kwa hiyo Jumapili ile hakuna aliyenifunga kamba.

Jumatatu nilianza kupiga dawa. Nilimaliza mistari sita, maji yakaisha, nikateremka mtoni kujaza. Nilipofika niliona bomba la mradi wa maji limelegea kwenye maungio, maji yanaruka. Nikasema nilifunge kwanza. Pampu nikaitua, na kwa sababu njia ile hupita watu, nikaisukuma chini ya majani mapana kando ya maji, nikaifunika vizuri isije ikaibiwa. Nikapanda kutafuta kipande cha mpira wa kufungia bomba. Njiani nikakuta lori la viazi limezama kwenye matope, vijana wanasukuma. Nikasukuma nao. Lori likatoka, dereva akasema mzee panda, na mimi nikapanda. Nikafika Meru mjini nikiwa na magamba ya matope mpaka magotini, nikakutana na watu, tukaongea siasa, nikarudi na mkate na mafuta ya taa. Nilikuwa na furaha siku hiyo. Pampu haikuwa kichwani mwangu kabisa, kama kitu ambacho hakijawahi kuundwa.

Alhamisi Mama Nkatha akaja uani. "Baba Kendi, leta pampu. Viazi yangu imeanza kuonyesha madoa."

Nikaingia stoo. Hakuna pampu. Nikaangalia nyuma ya nyumba, kwenye zizi, ndani ya zile kuta za kiunoni. Mama Nkatha alisimama na mikono ndani ya leso akinifuata kwa macho. Nilihisi mgongo wangu unawaka.

"Imeibwa," nikasema.

Nilipolisema tu, nikaliamini. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Nikamwambia Mama Nkatha, nikaenda dukani nikawaambia wa dukani, nikawaambia wa kinu cha kusaga. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kuna mwizi wa pampu. Ijumaa viazi vyangu na vya yule mjane vilikuwa vimeanza kunuka.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa kando ya njia nachimba mfereji, jembe mkononi, watu wanapita na magunia yao. Nikainua macho nikamwona mtu anapanda mlima akiwa na pampu ya bluu mgongoni. Kabla sijaona ni nani, nilikuwa nimekwisha kupiga nduru.

Kwetu nduru haipigwi kwa mchezo. Ikipigwa, kila mwenye miguu anaacha alichoshika anakuja mbio, na haulizi. Anayeuliza kwanza huonekana ni mwenzake mwizi. Na aliyeipiga ndiye hupiga wa kwanza, ili wanaofika wajue ni nani wa kupigwa. Nduru ikishatoka mdomoni hairudi.

Yule mtu alikuwa Kirimi. Aliposikia nduru yangu, unajua alifanya nini? Aligeuka nyuma kumtafuta huyo mwizi. Alitaka kunisaidia kumkamata.

Halafu akaona watu wanamzunguka yeye. Wanaume kumi, wakawa ishirini, wengine na fimbo, wengine na panga za kukatia nyasi.

"Pampu umetoa wapi?" mmoja akamwuliza.

"Ni yangu hii. Nimenunua jana nikitoka Embu, hapo Meru kwa wale wanauza vitu vya zamani. Niliuza kondoo yangu. Nilikuwa naleta tupige dawa kwa Baba Kendi, nimesikia njiani ile ingine imepotea."

"Risiti iko wapi?"

"Mtu anauzia vitu chini kwa gunia, risiti atatoa wapi?"

Watu wakanguruma. Wakanitazama mimi. Walikuwa wananingoja.

Nami nataka niseme ukweli wote, maana nusu nimesema maisha yangu yote. Niliona mshipi. Mishipi yote miwili ya pampu ile ilikuwa mizima, myeusi, ya ngozi. Hapakuwa na gunia. Niliona, na mkono ulikuwa umekwisha kuinuka na mpini wa jembe. Ningeweza kuushusha, hata sasa naamini hivyo, kama Kirimi hangenena neno moja.

Alinitazama machoni, akanena polepole, kwa ile sauti yake ya kila asubuhi kwenye ua. "Baba Kendi, tulia kidogo. Hiyo ingine, fikiria uliiweka wapi."

Ole wangu! Sikumwona Kirimi tena. Nilimwona baba, nikaona gunia la viazi, nikahisi mkanda. Nikashusha mpini kwa nguvu zangu zote. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, nikausikia ukivunjika kwenye kiwiko, mlio mkavu, kama ukuni. Hakupiga kelele. Alisema tu jina langu la kibandani, ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Nikampiga tena.

Baada ya hapo wengine wakaingia. Nimeona ng'ombe akichinjwa, nimeona ajali ya barabarani, lakini sijaona kitu kama watu wale. Walikuwa majirani. Walikuwa watu wa kwaya yake. Mmoja alimpiga mateke mbavuni huku ameshika mfuko wa nyanya za sokoni, hakutaka zimwagike. Mwingine alimkanyaga shingo. Walimvua pampu wakaikatakata kwa panga, vipande vikachanganyika na damu matopeni. Meno yake niliyaona chini. Mtu akapaza sauti kwamba mafuta ya taa yaletwe, na kijana mmoja akaondoka mbio kuelekea dukani, na mimi nilisikia, na sikusema kitu.

Aliyemwokoa ni katekista wetu, mzee wa miaka sabini. Aliwapenya watu akajilaza juu ya Kirimi kifudifudi, kanzu yake nyeupe ikawa nyekundu, akasema, "Basi mnichome na mimi." Mvua nayo ikashuka kwa kishindo. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakishika vichwa vyao.

Mama Nkatha alifika wakati huo. Aliinama akaokota kipande cha mshipi mweusi. "Lakini yangu ilikuwa na mshipi ya gunia," akasema.

"Amebadilisha, mama," mtu akamjibu. "Mwizi si mjinga."

Mama Nkatha alinitazama. Niliangalia viatu vyangu.

Kesho yake asubuhi niliteremka mtoni kufua shati. Damu ilikuwa imekauka mpaka kwenye kola. Nikapiga magoti, nikanyoosha mkono kung'oa jani la kusugulia, na vidole vikagusa kitu kigumu. Nilijua kabla sijaona. Mungu wangu, nilijua! Nikafunua yale majani mapana moja moja, na pampu ya Mama Nkatha ikawa imekaa pale vilevile nilivyoiweka, mshipi wake wa gunia umelowa, konokono mdogo amepanda juu ya kifuniko.

Nilikaa pale mpaka jua likawa kali. Kisha sikwenda kwa katekista. Sikwenda kwa Mama Nkatha. Sikwenda hospitali kule Meru alikolazwa Kirimi. Niliibeba pampu kwa njia ya vichakani mpaka shambani, nikaitupa ndani ya shimo la kuhifadhia viazi vya mbegu, nikafukia, nikakanyaga udongo kwa miguu yote miwili.

Nilipogeuka, Mama Kendi alikuwa amesimama kwenye mstari wa viazi. Kovu lake juu ya jicho lilikuwa bado jekundu.

"Baba Kendi," akasema, "nenda useme."

"Niseme nini?"

"Nenda useme sasa hivi, kabla huyo mtu hajatoka hospitali na hiyo jina ya mwizi."

Nilimwendea. Sitakueleza nilivyompiga siku ile. Nitakuambia tu kwamba nilianza kwa ngumi na nilimaliza kwa kuchoka. Alipoweza kusimama alifunga nguo zake na za Kendi ndani ya shuka, akasema, "Mimi sitakusemea. Mdomo ni yako." Wakaondoka kwenda kwao Mikinduri. Mtoto hakugeuka nyuma hata mara moja.

Kirimi alitoka hospitali baada ya wiki nyingi. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, umekunjika kifuani kama bawa la kuku, na vidole havikufunga tena. Mkulima wa jembe bila mkono wa kulia ni nani? Kwaya ilimwambia apumzike kidogo, na huko kupumzika hakukuwa na mwisho. Akipita dukani watu walihamisha mizani. Watoto wake shuleni waliitwa watoto wa pampu. Mwaka haukuisha, akauza alichokuwa nacho akashuka na familia yake kule Embu kwa wajomba, mahali ambapo hakuna viazi wala mtu anayemjua. Siku aliyohama alipita mbele ya ua wangu. Alisimama. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, nimeziba mdomo kwa kiganja.

Mimi? Viazi vyote viliungua msimu ule, na msimu uliofuata, maana hakukuwa na wa kunifunga kamba. Nilijaribu kuifunga mwenyewe, nikasahau kila fundo lilikuwa la nini. Nikaanza kunywa. Nikaajiriwa mahali, nikafukuzwa kwa kusahau, nikaajiriwa pengine, nikafukuzwa kwa kupigana. Meno yangu manne ya mbele yako kwenye sakafu ya baa moja huko Meru. Ile jikoni bado iko kiunoni. Ukipita utaiona, nyasi zimeota ndani.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na mjukuu kweli. Kendi alikua, akaolewa mjini, akazaa msichana. Huyo msichana akawa wa kupoteza kalamu, sweta, kila kitu, haketi, hamalizi. Lakini Kendi hakumchapa. Alimpeleka kwa daktari. Miaka mingi alikuwa haongei na mimi, halafu siku moja akanipigia simu.

"Baba, daktari anauliza kama kuna mwingine kwa familia mwenye yuko hivi. Nimemwambia ni wewe. Anaomba ukuje."

Nikaenda. Daktari, kijana mwenye adabu, aliniuliza maswali. Mzee, unaanza kazi nyingi bila kumaliza? Unapoteza vitu vya kila siku? Unatenda kabla ya kufikiri? Hasira yako inapanda ghafla? Nilijibu ndiyo mpaka nikaona aibu. Akaniambia kuna kitu kinaitwa ADHD, kwamba mtu huzaliwa nacho, si uvivu wala laana, kwamba watoto hukua nacho wakawa watu wazima bila kujua, ndoa zinavunjika, kazi zinapotea, na wao wanadhani ni tabia mbaya tu. Kwamba kuna dawa, na kuna namna ya kujipanga. Akasema wengine husaidiwa hata na vitu vidogo, kuandika, kuwekewa alama mahali watakapoiona.

"Kama kamba yenye mafundo?" nikauliza.

"Hiyo ni nzuri sana, mzee. Nani alikufundisha?"

Nililia pale kwenye kiti mpaka mjukuu wangu akaniletea maji. Kirimi hakusoma udaktari. Alikuwa amenitibu kwa mkonge, bure, na mimi nikamvunja mkono uliokuwa unafunga.

Usije ukasema basi ugonjwa ndio ulifanya. Nilijaribu kusema hivyo usiku kucha na haikuingia. Ugonjwa ulinisahaulisha pampu, nakubali. Labda ugonjwa uliinua ule mpini. Lakini kule shimoni nilikanyaga udongo kwa miguu yangu nikiwa na akili timamu, na kila asubuhi baada ya hapo niliamka nikachagua kunyamaza. Pamoja na kusahau vitu vyote vile, hicho sikukisahau hata siku moja.

Nikarudi Kibirichia nikachimba lile shimo. Mbao za kufunikia viazi zilikuwa zimeoza, lakini plastiki haiozi. Nikaitoa, bluu imefifia, kipande cha gunia bado kimeshika kwenye pete. Nikaisafisha, nikaitia ndani ya gunia, nikashuka Embu.

Nilimkuta Kirimi amekaa nje ya nyumba yake kwenye joto, anachonga mzinga wa nyuki kwa mkono wa kushoto, ameubana kwa magoti. Kichwa chake cheupe kama changu. "Muga," akanisalimu, kama tuliachana jana.

Nilifungua gunia, nikaitoa pampu nikaiweka miguuni pake. "Uliniuliza niliiweka wapi," nikasema. "Niliiweka mtoni, chini ya majani. Nikaipata asubuhi baada ya kukupiga. Nikaifukia."

Aliweka patasi chini. Akaushika ule mshipi wa gunia, akaupitisha katikati ya vidole vyake. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, naapa.

"Mkono ningekusamehe siku hiyohiyo," akasema mwishowe. "Nilikuona macho yako, nikajua si mimi unapiga. Lakini jina langu, Baba Kendi. Mama yangu alikufa akiwa mama ya mwizi. Ulikuwa nayo kwa shimo."

"Nifanye nini, ndugu yangu?"

"Rudi urudishe hiyo jina pale uliichukua. Siku ya soko, njiani palepale." Akavuta kipande cha mkonge kutoka kwenye zile kamba za mizinga. Akanishika mkono wa kushoto, akanifunga kwa mkono wake mmoja na meno yaliyobaki, ikamchukua muda. Akaweka fundo moja. "Usisahau kwa njia," akasema, na hakutabasamu. Nilimwomba msamaha. Akasema nimalize fundo kwanza.

Nilirudi. Siku ya soko nilisimama mahali palepale, pampu mgongoni, nikapiga nduru. Watu wakaja mbio kama zamani. Nikawaambia mwizi ni mimi, nikawaeleza kila kitu, mtoni, shimo, mshipi, nikalia, nikataja jina lake mara tatu kwamba Kirimi hajawahi kuiba kitu.

Walikuwa vijana. Walitazamana. Mmoja akasema, "Kirimi gani, mzee?"

Waliompiga, wengine wamekufa, wengine wamehama. Katekista amekufa. Mama Nkatha amekufa akiamini kile nilichomwambia. Kijana mmoja alinipiga picha kwa simu, wengine wakarudi sokoni. Nilimrudishia Kirimi jina lake mahali ambapo hakuna aliyebaki wa kulipokea. Hiyo ndiyo bei ya kunyamaza, wewe unayenisikiliza. Hasira ni hasara, lakini kunyamaza kunakula hata kile kilichosalia.

Kama una mtoto asiyekaa, anayepoteza, asiyemaliza, usimlaze juu ya gunia. Mpeleke kwa daktari. Kama ni wewe mwenyewe, mtu mzima na ndevu zako, nenda leo, usingoje mjukuu akupeleke. Na siku utakapokosa kitu chako, ukasikia nduru inapanda kooni, ingiza mkono mfukoni kwanza.

Ile kamba bado iko mkononi mwangu ninapoandika haya. Fundo lake sijalifungua. Nangoja Kirimi aseme kama nimemaliza.